Tarehe 5 Februari na mizigo yake mitatu

(Haya ni mazungumzo yaliyotangazwa redioni katika kipindi chetu cha kila juma. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)



Juma lililopita nilikwenda kumsalimu jamaa yangu ambaye ana binti anayesoma kidato cha pili. Nilimkuta binti huyo mezani na daftari lake la historia, kalamu mdomoni, amekunja uso. Alipokwisha kuniamkia akanieleza shida yake. Mwalimu amewaagiza wachague tarehe moja katika historia ya Tanzania, waeleze mambo yaliyotokea siku hiyo. Wenzake wamekwisha kuchukua tarehe 9 Desemba, 26 Aprili na 12 Januari. Yeye, kwa kuchelewa, amebakiwa na tarehe 5 Februari.

"Babu," akaniambia, "hii mbona hata si sikukuu?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Mwanangu, zamani ilikuwa sikukuu. Na wewe hukubakiwa na makombo. Umepewa tarehe yenye mizigo mitatu."

Naam, leo naomba niitue mizigo hiyo mmoja mmoja mbele yenu. Nawahi kusema kwamba sifanyi hivyo kumpigia mtu debe wala kumbeza mtu. Nasema kwa sababu tarehe hiyo, ndugu wasikilizaji, iliingia nyumbani kwetu bila kubisha hodi, ikakaa, na mpaka leo haijatoka.

Mzigo wa kwanza uko Unguja, na mwaka ni 1957. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Huko Zanzibar vilikuwapo vyama viwili vya wananchi wanyonge, cha Waafrika na cha Washirazi. Wanachama wake wengi walikuwa wavuvi, wakulima, wapagazi wa bandarini na mabaharia, watu waliokuwa wakiishi jirani na kuoana, lakini kila kundi likiwa na mlango wake. Mwaka huo wakakubaliana kuungana, na hapo ndipo ilipopatikana ASP, yaani Afro-Shirazi, chini ya uongozi wa Abeid Amani Karume, mtu aliyekuwa amezunguka dunia kwa kazi ya ubaharia. Mwezi wa Julai mwaka huohuo ukafanyika uchaguzi wa kwanza katika Visiwa, na katika jimbo la Ng'ambo Karume akamshinda Ali Muhsin, aliyekuwa kiongozi msomi na maarufu wa upande wa pili.

Hapo ndipo ulipoanza mwendo mrefu ambao ulipitia chaguzi zenye mizozo, ukapitia Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na kufika kwenye Muungano wa tarehe 26 Aprili mwaka huo. Wengi wanazikumbuka hizo tarehe mbili za mwisho kwa kuwa ni sikukuu. Ile ya kwanza wanaikumbuka wachache, kwa kuwa siku hiyo hapakupigwa mizinga wala kushushwa bendera. Watu walikaa wakazungumza, wakakubaliana, wakaondoka. Mara nyingi historia huanza hivyo, na wala wanaokuwapo hawajui kwamba imeanza.

Mzigo wa pili ni wa mwaka 1967, na huo ndio mzito kuliko yote.

Mwishoni mwa Januari mwaka huo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha. Ukumbi ule uko mpaka leo pale Kaloleni, siku hizi ni makumbusho ya Azimio. Tarehe 29 Januari Azimio likapitishwa, na Jumapili ya tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa kwa wananchi. Kesho yake, Jumatatu, Mwalimu Julius Nyerere akatangaza kwamba mabenki yote ya watu binafsi yamekuwa mali ya umma. Mtu aliyekuwa ameweka akiba yake Barclays, au Standard, au National and Grindlays, alilala nayo kwa tajiri wa Uingereza akaamka nayo serikalini, na muda si muda pakaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Siku zilizofuata zikachukuliwa kampuni kubwa za biashara ya nje, za kusaga nafaka na za bima, na serikali ikashika sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge na viwanda kadhaa. Mwezi wa Machi ikatoka Elimu ya Kujitegemea, na mwezi wa Septemba Ujamaa Vijijini. Mwezi wa Oktoba Mwalimu mwenyewe akatembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza kwenda kwenye mkutano wa chama, na nchi nzima ilikuwa kama imeshikwa na homa ya kutembea, vijana kwa wazee, kuliunga mkono Azimio.

Vitabu vya shule hueleza sana habari za mabenki na vijiji. Lakini Azimio lilikuwa na sehemu nyingine, fupi, ambayo siku hizi hutajwa kwa nadra. Nayo ni masharti ya uongozi. Kila kiongozi wa TANU au wa serikali awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Na asiwe na nyumba ya kupangisha.

Hilo sharti la mwisho, wasikilizaji wangu, ndilo lililoingia kwetu bila hodi.

Mimi ni mtoto wa Tabora. Mwaka 1967 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba yangu alikuwa karani wa reli, na jioni akitoka kazini alivaa kofia ya pili, maana tangu mwaka 1960 alikuwa katibu wa tawi la TANU katika mtaa wetu. Kadi yake ya uanachama ilikuwa ya mwaka 1955, na aliitunza ndani ya msahafu. Nyumba yetu ilikuwa ya tofali za udongo na paa la bati, vyumba sita, vitatu kila upande wa korido, na ua nyuma wenye jiko, choo na mwembe mmoja. Baba alikuwa ameijenga kwa miaka minane. Mwaka huu tofali, mwaka wa pili miti, mwaka wa tatu bati za upande mmoja, na upande wa pili nyasi mpaka Mungu atakapojalia. Sisi tulikaa vyumba viwili. Vinne vilipangishwa, kwa shilingi 15 kila chumba kwa mwezi. Kimoja alikaa fundi cherehani na mkewe, kimoja muuguzi, kimoja kijana wa reli, na kimoja mjane aliyekuwa akiuza mkaa na ambaye, nikumbukavyo, kodi yake ilichelewa miezi yote kumi na miwili ya mwaka.

Kijitabu cha Azimio kilipofika tawini, baba aliitisha mkutano chini ya mwembe wa pale ofisini. Watoto tulikaa mbele, chini. Baba alikuwa na sauti nzuri ya kusoma, akasoma tangu mwanzo, na watu wakapiga makofi kila mahali palipostahili, na pengine pasipostahili. Akafika kwenye masharti ya uongozi. Hisa, makofi. Ukurugenzi, makofi, ingawa nina hakika kwamba pale chini ya mwembe hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona mkurugenzi. Mishahara miwili, makofi na vigelegele. Akasoma nyumba za kupangisha. Watu wakapiga makofi, kisha makofi yakapungua, yakawa kama mvua inayokatika, na mzee mmoja aliyekaa mbele, mtu wa mzaha, akauliza:

"Katibu, na ile ya kwako?"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Baba naye akacheka. Akasema, "Mzee wangu, tusome kwanza mpaka mwisho." Akasoma mpaka mwisho. Lakini mimi niliyekaa karibu na miguu yake nilimwona akishika kile kijitabu kwa mikono miwili, jambo ambalo hakulifanya tangu mwanzo.

Usiku ule, na nyingi zilizofuata, niliwasikia wazee wangu wakizungumza. Ukuta wa udongo hauna siri. Mama hakuwa mtu wa siasa, lakini alijua hesabu. Akasema, "Mshahara wa reli unatupa chakula. Kodi ya vyumba inatupa nguo, inatupa dawa, na inamlisha mama yako kijijini. Ofisi ya chama inatupa nini?"

Baba akasema, "Inatupa heshima."

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi iandike nyumba kwa jina langu. Mimi si katibu wa mtu."

Nikasikia baba akiwasha taa, akifungua kijitabu. Akamsomea kwa sauti ndogo maelezo yaliyokuja baada ya masharti. Maana Azimio lilikuwa limekwisha kuuona mlango huo na kuufunga. Lilisema kwamba kiongozi maana yake ni mtu na mwenzi wake wa ndoa, mume kwa mke.

"Kumbe na mimi nimo humo?" mama akauliza.

"Na wewe umo."

Hapo mama akacheka, ile cheko ya mtu aliyekamatwa. "Aliyeandika hicho kitabu," akasema, "ana mke."

Viongozi walipewa muda wa kujirekebisha. Na katika muda huo, ndugu wasikilizaji, tukaona mengi. Wapo waliouza nyumba zao kwa moyo mweupe, nami nawajua, na heshima yao iko palepale. Wapo walioacha uongozi. Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyeizunguka nchi hii kuwaamsha akina mama katika siku za kudai uhuru, alijiuzulu nyadhifa zake mwaka huohuo kwa kutoyakubali masharti yale, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba hakuipenda nchi yake. Na wapo wa kundi la tatu, ambao asubuhi walishangilia Azimio na jioni waliandikisha nyumba kwa majina ya shemeji, ya mjomba, na ya mtoto anyonyaye. Hao hawakuuza kitu wala hawakuacha kitu.

Baba alikaa miezi mitano. Siku moja ya Julai alivaa kanzu yake nyeupe, akanichukua nimsindikize. Tukaenda ofisini. Akaweka mezani muhuri wa tawi, daftari la wanachama, kitabu cha stakabadhi na ufunguo wa kabati. Akasema maneno mafupi: kwamba ana nyumba ya kupangisha, ana watoto sita na mama mzazi, na hawezi kuiacha. Kwa hiyo hastahili tena kuwa kiongozi. Wenzake wakamwomba asifanye haraka, mambo yatatazamwa, kuna njia. Akasema, "Njia hizo ndizo ninazozikimbia." Tukarudi nyumbani kimya. Njiani alinunua mkungu wa ndizi, kama mtu aliyetoka sokoni.

Nisiwadanganye kwamba alisifiwa. Siku zile neno bepari lilikuwa neno la kupigiana mawe. Shuleni palikuwa na picha ya kupe mnene, na picha ya mtu mwenye kitambi akinyonya wengine kwa mrija, na mtoto mmoja wa darasa langu akanionyesha ile picha akaniambia, "Huyo ni baba yako." Tukapigana. Nilipofika nyumbani na shati lililochanika, baba akaniuliza sababu, nami nikamweleza nikilia, nikasema kwamba sheria ile ni mbaya.

Baba akanikalisha. Akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Sheria haina kosa. Anayekusanya kodi kwa watu hawezi kuwatetea watu hao dhidi ya wakusanya kodi. Mimi nimeipima sheria, nikajipima na mimi, nikajikuta mfupi. Usimtukane aliyetengeneza kipimo."

Huo, wasikilizaji, ndio mzigo wa pili.

Mzigo wa tatu ni wa mwaka 1977. Tarehe 5 Februari mwaka huo ilikuwa Jumamosi. Nchi yetu ilikuwa imekwisha kuwa moja kwa karibu miaka kumi na mitatu, lakini vyama vilikuwa viwili, TANU upande wa Bara na ASP upande wa Visiwani. Sasa vikavunjwa vyote viwili, kikazaliwa Chama cha Mapinduzi, na sherehe zikafanyika Zanzibar. Mwalimu akawa mwenyekiti na Aboud Jumbe makamu wake. Mzee Karume hakuiona siku ile. Alikuwa ameuawa kwa risasi tarehe 7 Aprili 1972, pale Kisiwandui, akicheza bao.

Tarehe hiyo haikuangukia pale kwa bahati. Ilichaguliwa. ASP ilikuwa inatimiza miaka ishirini kamili, na Azimio miaka kumi kamili. Waliochagua walitaka chama kipya kizaliwe juu ya mabega ya hao wawili. Ndiyo sababu nikamwambia yule binti kwamba tarehe hiyo ina mizigo, na mzigo wa tatu ulitwikwa juu ya miwili ya kwanza kwa makusudi.

Lakini zipo habari mbili za siku hizo ambazo hazikuimbwa katika sherehe. Ya kwanza, ni juma hilohilo la Februari 1977 ambapo mpaka wetu na Kenya ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa mahututi, na haukufunguliwa tena mpaka mwaka 1983. Kwa hiyo wakati tunashangilia vyama viwili kuwa kimoja, nchi tatu zilizokuwa na shirika moja la reli, la posta na la ndege zilikuwa zinagawana vijiko. Ya pili, Mwalimu alitoa kijitabu cha kulitazama Azimio baada ya miaka kumi, na humo alikiri waziwazi kwamba nchi bado haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea. Alitaja mafanikio, hasa katika elimu na afya na kupunguza pengo la mishahara, na alitaja makosa. Ni wachache sana watawala ambao siku ya arusi husimama na kusoma madeni ya bwana arusi.

Mimi wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, mwalimu mpya, nimerudi nyumbani kwa ruhusa. Baba alikuwa amestaafu reli. Asubuhi ile alinyoa ndevu, akavaa kanzu, akaitoa redio barazani, akaisikiliza sherehe ya Zanzibar tangu mwanzo mpaka mwisho. Watu waliokuwa wanapita kwenda uwanjani walimwita, "Katibu, twende!" Maana walimwita Katibu mpaka anakufa. Akawajibu, "Nendeni, wanangu, mimi nitawafuata." Hakuwafuata. Kila tarehe 5 Februari ilikuwa hivyohivyo. Alikaa barazani siku nzima, amevaa vizuri, kama mtu anayengojea kuitwa.

Basi, miaka ikaenda. Vijiji vikaja na mema yake na machungu yake. Elimu ya watu wazima ikaja. Mwaka 1967 watu wazima waliojua kusoma hawakuzidi sana theluthi moja, na takwimu za serikali za mwaka 1986 zilisema wamefika tisa katika kila kumi. Mama yangu alikuwa mmoja wao, na kitu cha kwanza alichotaka kusoma kwa macho yake mwenyewe kilikuwa yale maelezo ya mume na mke. Kisha ikaja vita ya Kagera, ikaja foleni ya sukari na sabuni, na mwaka 1985 Mwalimu akang'atuka.

Februari ikaja tena, ya mwaka 1991. Halmashauri Kuu ya chama ilikutana Zanzibar, na huko masharti ya uongozi yakalegezwa. Mwanachama na kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa, akaruhusiwa kipato cha pili, akaruhusiwa kupangisha nyumba. Watu wakauita uamuzi ule Azimio la Zanzibar. Haukutangazwa kwa ngoma na matembezi. Habari zilitutambalia polepole, kama maji chini ya mlango.

Nilikuwapo Tabora siku jirani yetu mmoja alipokuja kumpa baba habari. Jirani huyo alikuwa miongoni mwa wale wa kundi la tatu, na baba alijua, na yeye alijua kwamba baba anajua. Akaketi, akapewa chai, akasema kwa furaha kabisa, "Katibu, umesikia? Sasa ruhusa. Kumbe wewe ulikuwa mbele yetu miaka ishirini na minne!"

Baba alikuwa amekwisha kuwa mzee, mikono ikitetemeka. Akaweka kikombe chini.

"Mimi sikuwa mbele," akasema. "Mimi nilishindwa, nikasema nimeshindwa, nikarudisha muhuri. Kama na ninyi mmeshindwa, semeni mmeshindwa. Msiniite mimi mtangulizi."

Jirani akajaribu kucheka. Baba hakucheka. Akaendelea, "Kama sharti lilikuwa jema, mbona mnaliondoa? Na kama lilikuwa baya, mbona mlinitazama nikitembea na ule muhuri kutoka hapa mpaka ofisini?"

Jirani hakuwa na jibu. Na mimi, ndugu wasikilizaji, ambaye kazi yangu ni kuzungumza, miaka yote hii sijalipata.

Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi, na ndivyo ilivyokuja kuwa tarehe 5 Februari ikaacha kuwa sikukuu ya taifa zima, ikabaki siku ya kuzaliwa kwa chama kimoja. Hilo ni haki, kwa kuwa hatuwezi kumlazimisha asiye mwana arusi kupika pilau. Benki ile iliyozaliwa siku chache baada ya Azimio ikagawanywa mwaka 1997, na baadaye ikauzwa kwa sehemu kubwa. Na mwaka 1995 ilitungwa sheria ya maadili ya viongozi wa umma, ambayo inamtaka kiongozi aorodheshe mali zake na madeni yake. Tazameni tofauti hiyo, wasikilizaji. Azimio lilimwambia kiongozi, "Usiwe nacho." Sheria ya leo inamwambia, "Tuambie unacho." Sisemi ipi ni bora. Huenda ya kwanza ilitaka watu wawe malaika, na watu wakajifanya malaika kwa majina ya mashemeji. Huenda ya pili inawataka wawe wakweli tu. Lakini ukweli nao una gharama yake, na mtu asiyekuwa tayari kurudisha muhuri anapojipima na kujikuta mfupi, fomu ya kuorodhesha mali haitamrefusha.

Baba alifariki mwaka 1998. Nyumba ile ipo mpaka leo. Vyumba vinne bado vinapangishwa, na mimi nina fungu langu katika kodi yake, kwa hiyo msidhani kwamba nazungumza nikiwa juu ya mti. Tulipofungua sanduku lake tuliikuta ile kadi ya mwaka 1955 ndani ya msahafu, na pamoja nayo kijitabu cha Azimio, kimechakaa, kimeshonwa kwa uzi mweupe wa fundi cherehani. Ukurasa wa masharti ya uongozi ulikuwa umekunjwa pembeni.

Yule binti aliniuliza mwishoni, akiwa ameshika kalamu tayari, "Babu, sasa niandike nini? Kwamba Azimio lilikuwa zuri au baya?"

Nikamwambia aandike kwanza yaliyotokea, kwa mwaka wake na mahali pake: 1957 Unguja, 1967 Arusha, 1977 Zanzibar tena. Aandike kwamba mara mbili watu waliungana waliokuwa mbalimbali, na mara moja viongozi waliwekewa kipimo. Kisha nikamwambia, kabla ya kufunga daftari, akamwulize bibi yake mzaa mama, ambaye yu hai na alikuwa mtu mzima mwaka 1967, siku ile Azimio lilipotangazwa yeye alikuwa wapi, anafanya nini, na kwao nani aliyecheka na nani aliyenyamaza. Maana tarehe tunazozishika kwa gwaride na hotuba, serikali huzitunza. Zile nyingine hazina wa kuzitunza isipokuwa wale waliokuwa nyumbani siku hiyo, na hao, ndugu zangu, wanapungua kila juma. Nyumba nyingi katika nchi hii zina habari kama ya kwetu, na hazimo katika kitabu chochote.

Juzi binti huyo amenipigia simu. Amepata alama nzuri, lakini mwalimu ameandika kwa wino mwekundu pembeni ya ukurasa wa mwisho, pale alipoyaandika maneno ya bibi yake: "Haya umeyatoa katika kitabu gani?"

Nimemwambia amjibu mwalimu kwa heshima zote kwamba ameyatoa jikoni.

Wasikilizaji wangu, kwa leo muda wangu umekwisha. Wenye kumbukumbu zao za tarehe hiyo, waandike, watume, tutazisoma.